Mkanda uko njiani

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo inayotusumbua. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, nikacheka uliposema umefanya yoga ya YouTube siku sita mfululizo, ya saba ukashindwa kuinuka kitandani. Pole mwenzangu. Nimecheka kwa kuwa hayo yamenifika na mimi, tena yangu yalikuwa makubwa zaidi, sikukusimulia kwa aibu tu.

Unakumbuka mwaka ule nilipokaa Dar nikajiunga na darasa? Nilikwenda kwa ajili ya kiuno, maana fundi cherehani asiyeumwa kiuno sijamwona bado. Mwezi wa pili nikaingiwa na mashindano. Binti wa mkeka wa pili akiinama paji la uso linagusa magoti, mimi vidole havifiki hata kwenye vifundo vya miguu. Siku hiyo mwalimu akapita, akanikandamiza mgongo kidogo. Badala ya kusema basi, nikabana pumzi nikajisukuma. Nikasikia kitu kimekatika nyuma ya paja, juu kabisa linapokutana na kalio, ta! kama uzi kwenye sindano. Miezi saba sikukaa kwenye cherehani bila mto, na sare za shule za Januari nilizishona nimekaa upande. Nilifuata dawa ya kiuno, nikarudi na ugonjwa wa kalio!

Tangu hapo kipimo changu ni pumzi. Ikikatika, au ukianza kuhema kwa mdomo, ujue umeshavuka mpaka, rudi nyuma kidogo. Mimi nahesabu nne nikivuta, sita nikitoa. Ile kutoa polepole ndiyo inayoutuliza moyo, na wewe nesi unalijua hilo kuliko mimi. Ukiwa kwenye mkao ukashindwa kuhesabu, uache, utaurudia siku nyingine. Patanjali, mzee wa Yoga Sutra, kile kitabu cha kale cha yoga, kaacha sutra, yaani misemo mifupi, karibu mia mbili, na zinazozungumzia mikao ni tatu tu. Ya kwanza inataka mkao uwe thabiti na wenye raha. Mimi siku ile sikuwa na uthabiti wala raha.

Sasa nafanya mikao mitano, robo saa, nikishaswali alfajiri, kabla sijawasha jiko. Kuinama mbele bado nainama, ila magoti nayakunja, na viganja naviweka juu ya matofali mawili niliyoyafunga kwa kanga kuukuu. Usione aibu kutumia matofali. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyezaliwa 1918 akiwa mtoto wa magonjwa, alikuja kusifika dunia nzima kwa kufundishia vipande vya mbao, mikanda na viti, na aliishi mpaka 2014. Mvuto uusikie katikati ya paja. Ukiusikia kwenye mfupa wa kukalia, kunja magoti zaidi. Halafu lala chali, nyayo chini, uinue nyonga taratibu kama daraja, uzishushe taratibu vilevile. Nadhani huo ndio ulionirudishia paja langu kuliko kujivuta kote kule.

Mkeka wa ukili usiutandike juu ya vigae. Unateleza, mimi nimeshaanguka nao.

Na kwa hiyo presha yako, mambo ya kusimama kwa kichwa achana nayo, wala usizuie pumzi hata kama yule wa kwenye video anakwambia uzuie. Kama una wasiwasi muulize daktari wenu hapo hapo kazini.

Mwisho lala tu, dakika tano, mikono wazi. Najua wewe hapo ndipo utakapozima simu ukimbilie vyombo, nami nilikuwa hivyo hivyo. Wanaita mkao wa maiti. Juzi kitinda mimba wangu kaniona nimelala hivyo sakafuni, akaita kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, umekufa?" Nikacheka hadi utulivu wote ukaniishia.

Shemeji akikuuliza kama hii ni dini ya Wahindi, usimfiche: asili yake ni India na imefungamana na imani zao. Mimi nyimbo zao siimbi, nachukua pumzi na viungo, na swala yangu iko palepale. Akitaka mjadala zaidi anipigie mimi.

Nimekushonea mkanda kwa mabaki ya turubai, mita mbili, nimepiga mshono mara tatu kwenye pete. Ulale chali, uupitishe kwenye unyayo, uinue mguu mmoja mmoja, goti likunje likitaka kukunjika. Kesho nampa kondakta wa basi la asubuhi, nitakutumia namba ya gari. Humo kwenye mfuko mna na visheti, usivile kabla ya mazoezi.

Wako,
Somo