Rukia asilipie hiyo deki kabla hajaijaribu

Dar es Salaam, Jumanne usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Hujambo wewe, na Bi Mkubwa anaendeleaje na goti lake? Mpe shikamoo yangu. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu umesema Rukia anakutana na muuzaji huko Columbus, Marekani, Jumamosi, akununulie deki ya kuchezea diski zako za harusi, na kwenye picha naona ni Oppo BDP-103, deki ya CD, DVD na Blu-ray. Deki nzuri hiyo, nzuri hasa. Lakini asitoe dola hata moja kabla hajaijaribu kwa diski. Kuwaka taa na kutoa trei hakutoshi.

Oppo Digital ilitangaza Aprili 2018 kwamba haitaunda mashine mpya tena, kwa hiyo wasiwasi wangu mkubwa ni lenzi. Mkanda wa trei ukilegea unabadilishwa. Kapasita za pawa sapulai zikivimba fundi makini anaweka nyingine zenye mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, za kuhimili nyuzi 105. Lenzi ya leza ikichoka ndiyo kazi, maana utaishia kutafuta deki nyingine mbovu uichinje.

Mwambie aende na diski tatu: CD ya muziki ya kiwandani, filamu ya kiwandani ya DVD yenye tabaka mbili (ile ya GB 8.5), na DVD-R iliyochomwa na kompyuta. Akipata na Blu-ray, bora zaidi. Ndani kuna leza tofauti: CD inasomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405. Ndiyo maana deki inaweza kucheza filamu vizuri halafu ikatema CD, na muuzaji akaapa kwamba ni nzima. Kwenye ile filamu ya tabaka mbili asiangalie mwanzo tu. Aruke mpaka katikati, kisha sura ya mwisho. DVD ya tabaka moja inarudisha asilimia 45 hadi 85 ya mwanga; ya tabaka mbili inarudisha 18 hadi 30 tu. Lenzi iliyodhoofika inaweza kusoma tabaka la kwanza bila shida, ikifika la pili ikaanza kukwama na kuganda picha. Kusita kidogo mara moja katikati ya filamu ni kawaida, hapo inabadilisha tabaka. Kusita mara kwa mara, au diski kuzunguka, kusimama, kuzunguka tena kabla ya kusoma, hapo aage kwa adabu aondoke.

Umeme usikutishe. Deki hiyo inakubali volti 100 hadi 240, ila asome mwenyewe kibandiko cha nyuma, kwa sababu deki nyingine za Marekani ni za 120 peke yake na huku zitaungua. Na rimoti iwepo.

Sasa eneo, yaani lile kufuli linalofanya deki ikatae diski zilizotengenezwa kwa sehemu nyingine za dunia. Deki ya Marekani imefungwa kwa DVD za eneo la 1 na Blu-ray za A. Sisi huku ni eneo la 5, Ghuba ni la 2, na Blu-ray zetu zote ni B. Diski zako za harusi hazina kufuli la eneo, zitacheza. Ila zile filamu Kassimu anazokuletea kutoka Dubai, kama ni za kiwandani zenye alama ya 2, zitakataliwa mpaka deki iwe imefunguliwa. Rukia aulize kama imefunguliwa, na aone kwa macho, asiambiwe tu.

Ikifika, tumia tundu la HDMI 1, ndilo linalopita kwenye chipu nzuri ya picha. Lile la manjano la nyuma liache, ni la kuonea menyu tu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya video, na hapa nisikilize vizuri. TV System ikiwa kwenye NTSC, mfumo wa video wa Marekani, iweke Multi. Harusi zetu zimerekodiwa kwa PAL, mfumo wa huku kwetu, nusu-picha 50 kwa sekunde. Ukiiacha NTSC, deki inalazimika kuzigeuza kuwa 60, na kamera ikitembea taratibu kuonyesha wageni utaona picha inarukaruka. Watu wanalaumu diski, kumbe ni mpangilio huo mmoja.

TV Aspect Ratio iwe 16:9 Wide/Auto. Harusi za zamani ni 4:3, na ukichagua Wide peke yake bibi harusi ananenepa kwa sekunde moja. Resolution 1080p. Kwenye TV yenyewe punguza sharpness (ukali wa picha), na zima ule ukuzaji unaokata kingo za picha. Sauti, kama amplifaya yako haijui DTS (sauti ya sinema iliyobanwa), iwe LPCM, yaani sauti isiyobanwa.

Umeniuliza kwa nini utoe pesa yote hiyo wakati deki ya kawaida nayo imeandikwa 1080p. Mwenzangu, DVD ya PAL ina mistari 576, na maandishi ya kwenye boksi hayaongezi hata mmoja. Kazi iko kwenye kuunganisha zile nusu-picha. Moja ina mistari ya witiri, nyingine ya shufwa, na hazikupigwa wakati mmoja. Deki hafifu inazibandika tu, ndipo mkono wa mtu anayecheza chakacha unaota meno kama kitana. Au inatupa nusu, ukabaki na mistari 288 na kanga zote zikavurugika. Chipu nzuri inaangalia kila sehemu ya picha: palipotulia inaunganisha zote mbili, palipo na mwendo inajaza. Kwa filamu za kiwandani tofauti si kubwa hivyo. Kwa diski zako za harusi na za taarabu ni kubwa, nakuhakikishia.

Nairudia lenzi, maana huko kwako Tanga ni baharini. Usiweke kile kitambaa chako cha kudarizi juu ya deki, wala usiipandishe juu ya amplifaya. Iachie kama sentimita tano pande zote ipumue. Usinunue diski ya kusafishia yenye brashi, inaweza kukwaruza. Lenzi ikihitaji kusafishwa, pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ipanguse bila kukandamiza, ikauke. Diski zipanguse kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Zenye karatasi ya picha iliyobandikwa juu zinayumba na kuchosha mota, na ukiibandua karatasi unaweza kuiharibu diski yenyewe.

Na kabla ya yote, nakili hizo DVD-R. Rangi ya ndani inayoshika picha inafifia, na diski ikishafifia hata deki hii haitaiokoa. Fanya faili la ISO, nakala kamili isiyobanwa upya. Diski kuu ya TB 1 inabeba zaidi ya DVD 200 za tabaka moja.

Sasa nijibu. Rukia anarudi lini, na deki atabeba mkononi au inakuja kwa meli? TV yako ina HDMI ngapi? Stebilaiza bado inafanya kazi, au ndiyo ile iliyokwenda na frija? Diski ya harusi ya Mwajuma unayo wewe au iko kwa Bi Mkubwa? Muuzaji anataka bei gani hasa?

Nipigie kabla ya Jumamosi.

Wako,
Mwanahawa