Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenda mawe, wamama na wababa,

Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, maonyesho ya mawe shuleni yalifanyika, wenzetu wawili tuliwazika kwa heshima. Hayo mnayajua.

Nije kwenye jiwe la manjano. Hapa Likasi imesemwa sana kwamba mwenyekiti amekula dola 180 za chama. Sikula. Jiwe lile lilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga la marehemu mwanzilishi wetu: vijisindano vya manjano juu ya mwamba mweusi, halizidi ngumi ya mtoto, lakini ukilipokea mkono unashuka. Kipimo cha kwanza kilionyesha risasi, ile metali nzito, na urani, metali yenye mionzi, basi watu wakaanza kushangilia kwamba tumevumbua madini mapya ya risasi. Mwenzetu mmoja alikuwa na jina tayari, linafanana mno na la kwake.

Niliyesema tungoje ni mimi. Madini mapya hayatangazwi kwa makofi. Sharti ijulikane yameundwa na nini na atomi zake zimejipanga vipi, tume ya Shirika la Kimataifa la Minerolojia, yaani elimu ya madini, ipige kura, na sampuli iwekwe katika makumbusho. Tena anayeyaeleza hayapi jina lake mwenyewe. Ndiyo sababu zile dola 180 nililipia kipimo cha eksirei, kinachoonyesha atomi zilivyojipanga. Jibu: kasoliti, silikati (madini yenye silikoni na oksijeni) ya risasi na urani, iliyoelezwa na Mbelgiji Alfred Schoep mwaka 1921. Jina lenyewe limetoka Kasolo, hapo hapo kwenye mgodi wa urani wa Shinkolobwe, uani kwetu! Tungetangaza, tungechekwa mpaka Ubelgiji.

Nimelaumiwa pia kwa kulitoa kabatini. Jiwe lina mionzi, na watoto walikuwa wakilichezea. Sasa liko ndani ya sanduku la chuma, stoo, na ufunguo ninao mimi.

Siku ya kusoma jibu walikuja watu 9. Tuko 46. Waliopiga kelele kuliko wote sikuwaona. Waliolipa michango ni 17, hazina ina dola 64, kodi ya ukumbi tunadaiwa 90. Mama mtunza hazina amechoka kugonga milango, na mimi nimelipa taa mara mbili kutoka mfukoni mwangu bila kumwambia mtu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatafuta kabati la kioo, pengine na safari. Michango inapokelewa leo mlangoni, kabla ya soda.