Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Tendaguru Sio Mifupa Tu

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na karibuni sana hapa Lindi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ukitaja Tendaguru, kile kilima cha huku kwetu Lindi, kila mtu anawaza mifupa ya dinosaria, na kweli ile mifupa sio mchezo, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakabeba mizigo kwa miguu mpaka bandarini, zaidi ya tani 200 zikapanda meli, na leo Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, kasimamishwa kule Berlin kichwa kiko juu zaidi ya mita 13. Sasa sisi tukawa tunaulizana, jitu lote lile lilikuwa linakula nini hapa kwetu?

Miaka kama milioni 150 iliyopita, kipindi cha Jurasiki, hapa hapakuwa na mwembe, mkorosho wala nyasi. Wataalamu wameangalia chavua iliyoganda kwenye mawe na wamekuta msitu wa koniferi, yaani miti yenye koni kama misonobari, wakiwemo ndugu wa mti uitwao araukaria, pamoja na mimea ya kale kama saikadi, ginko na kangaga. Bahari nayo ilikuwa inaingia na kutoka, ndo maana tabaka moja lina mifupa na linalofuata limejaa makombe ya baharini. Na hao wakubwa hawakuwa peke yao, dinosaria Kentrosaurus mwenye miiba mkiani alikuwa anakula mimea ya chini, kulikuwa na reptilia wanaoruka, samaki, halafu vinyama vidogo vya kunyonyesha, vidogo kabisa, ambavyo hakuna anayevitaja wakati sisi binadamu tupo upande wao!

Pia mheshimiwa, tunaomba jina la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa vibarua, litajwe darasani kama linavyotajwa la Werner Janensch aliyeongoza msafara. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, na wengi wetu tulikuwa hatujui kabisa.

Changamoto zetu ni usafiri wa kutufikisha Tendaguru kwenyewe, na hadubini, maana iliyopo lenzi imepasuka. Tukipata hata moja tutaanza na chavua ya mikorosho ya hapa shuleni, tujifunze kuzitofautisha, ndo twende kwenye zile za kwenye mawe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.