Mhariri, sakafu ya mbao haipigwi deki kama simenti

Mhariri habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, na nisingeandika kama sio ile makala ya nyumba ya wiki iliyopita mliposhauri wenye sakafu za mbao wazioshe kwa maji ya moto yenye siki alafu wapitishe mashine ya mvuke ili zing'ae. Jamani! Nimeisoma huku nimekaa juu ya sakafu ambayo niliiharibu mwenyewe kwa maji, tena kwa mapenzi kabisa.

Nilivyopata sakafu mpya niliitunza kama nilivyozoea kutunza simenti, yaani kila asubuhi ndoo, sabuni, dekio linachuruzika, nasugua mpaka kona. Baada ya muda natembea peku nikasikia miguu inapanda na kushuka, kuinama nikaona kila ubao kingo zake zimeinuka na katikati pamebonyea kama mfereji mdogo. Nikaita fundi, akaangalia akasema hamna shida mama, tunapiga msasa inakuwa sawa, na kweli akawasha mashine siku ileile na jioni sakafu ilikuwa bapa kama meza, nikamlipa nikamshukuru. Miezi ikapita, mbao zikakauka, na sasa kila ubao ukawa na mgongo, katikati juu kingo chini. Nikahisi nimerogwa.

Baadae ndo nikaelewa. Ubao unakunywa maji na kuyatoa maisha yake yote, hata kama mti ulikatwa miaka 50 iliyopita. Maji ya deki hayakai juu, yanaingia kwenye maungio yanakwenda kujificha chini, kwa hiyo chini ya ubao kunanenepa wakati juu kumekauka, na ubao wenyewe hauna pa kwenda isipokuwa kujikunja kingo zake kwenda juu. Yule fundi alizikata kingo zikiwa bado zimeinuka, basi mbao zilipokauka zikajilaza zikakuta kingo zao zimeshaliwa. Dawa ilikuwa kuziba chanzo cha maji kwanza, kuacha hewa ipite na kusubiri, wiki kadhaa au hata miezi, maana mara nyingi mbao zinarudi zenyewe karibu na zilivyokuwa, na msasa unakuja mwisho kabisa kama bado unahitajika.

Na hapo ndo penye shida yangu na mafundi na magazeti pia, kila mtu ana haraka. Ubao unatanuka kwa upana, kwa urefu karibu hautanuki kabisa, ndo maana pembeni ya kuta inaachwa nafasi ya milimita 10 hadi 15 hivi alafu inafichwa na skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Fundi mwenye haraka anabananisha mbao mpaka ukutani, unyevu ukipanda zinasukumana na kunyanyuka katikati ya chumba kama hema. Mbao zikifika zinatakiwa zilale siku kadhaa ndani ya nyumba zizoee hewa ya humo kabla ya kupigiliwa, na kuzilaza kwenyewe hakutoshi, mtu apime unyevu wa mbao na wa kile kinachobeba mbao. Zege ndo baya zaidi kwasababu kwa macho linaonekana kavu. Mafundi wanakadiria mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo zege la sentimita 10 linataka kama miezi 4 na bado usiamini mpaka umepima. Hata ukibandika kipande cha nailoni juu yake kwa selotepu pande zote ukaacha siku nzima, ukikuta matone ndani au zege limekuwa jeusi ujue bado, ila ukikuta pakavu napo usishangilie, tafuta kipimo.

Kuhusu kusafisha sina mengi. Mchanga unaoingia na viatu ndo msasa wenyewe, kwa hiyo mkeka mlangoni nje na mwingine ndani, fagio laini au mashine ya kuvuta vumbi, na kitambaa kilichokamuliwa mpaka ukikishika hakitoi tone, yakimwagika maji unafuta hapohapo. Siki ni asidi, ukiitumia kila mara inafifisha vanishi polepole, na mvuke ni maji ya moto yanayosukumwa kwenye maungio, sasa hapo umesafisha nini? Miguu ya viti ivalishwe vibandiko vya kitambaa kizito na uvibadilishe, maana vikishanasa mchanga ndo vinakwaruza kabisa. Na mazulia yenye mpira chini yanaweza kuacha doa lisilotoka.

Kwenye kuchagua pia makala yenu ilisema "nunua mbao ngumu zaidi" mkaishia hapo. Kuna kipimo cha ugumu alichobuni Gabriel Janka mwaka 1906, wanachukua gololi ya chuma ya milimita 11.28 wanaikandamiza kwenye mbao mpaka nusu yake izame, wanaangalia imehitaji nguvu kiasi gani. Mwaloni mweupe unahitaji nguvu ya kama pauni 1,360, mvule kama 1,260, na mtiki ambao watu wanaringa nao uko chini ya hao wote wawili! Sifa ya mtiki sio ugumu, ni mafuta yake ya asili na kutulia kwake hewa inapobadilika, na kwangu mimi kutulia ni bora kuliko ugumu, maana alama ya kisigino unaizoea lakini sakafu yenye mawimbi huizoei. Kwa zile za tabaka, juu mbao halisi chini plaiwudi, usiulize unene wa ubao mzima, uliza tabaka la juu, kwasababu msasa mmoja unaweza kula nusu milimita hadi milimita nzima na zipo zenye tabaka la milimita 2 tu, hizo ukipiga msasa mara moja umebahatika.

Vanishi nayo isisubiriwe mpaka iishe. Dondosha tone la maji pale watu wanapopita sana, likikaa juu kama shanga bado uko salama, likinywewa na ubao ukawa mweusi umechelewa. Ukiwahi unasugua kidogo tu na kupaka koti jipya juu ya lile la zamani, ukichelewa ni msasa wa chumba kizima.

Jambo moja limenishangaza kutoliona kabisa kwenye makala, mmewaambia watu wapake mafuta ya kitani wenyewe nyumbani lakini hamkuwaambia vitambaa vifanywe nini baadae. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto, vitambaa vikirundikwa kwenye kona joto halina pa kutokea na vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti, usiku watu wamelala. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au viloweshwe maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Hili mliandike hata kama barua yangu yote mtaitupa.

Naomba mrekebishe ile sehemu ya mvuke kwenye toleo lijalo kabla watu hawajaenda kununua mashine. Kwangu amekuja fundi mwingine na kipimo chake, amepima kona zote akasema mbao bado hazijatulia, tusiguse kitu mpaka vipimo vikae palepale mara 3 mfululizo, na hii ya juzi ilikuwa ya kwanza.

Msomaji wenu mwenye mawimbi sebuleni