Barua ya Malalamiko: Mnavyowahukumu Walinzi wa Houston Texans Usiku wa Drafti

Houston, Texas
5 Mei 2025

Mkurugenzi wa Vipindi,
Kampuni ya Redio ya Michezo Mtandaoni.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UCHAMBUZI WA DRAFTI YA NFL NA KUKATIZWA KWA MATANGAZO YA SIKU YA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, dereva wa lori, naishi Houston tangu 2004. Ni mteja wenu wa kulipia tangu 2022, mlipoanza kuchambua mpira wa Kimarekani kwa Kiswahili. Nilijiunga wiki ileile ya kwanza, nikamlipia na mdogo wangu aliyeko Morogoro, ili mchezo wa saa sita mchana huku tuusikilize pamoja naye, kule ikiwa saa mbili usiku. Wanangu wawili wamezaliwa hapa. Kiswahili chao kilikuwa cha shikamoo na njoo ule, lakini kwa sababu yenu sasa wanabishana sebuleni juu ya safu ya ulinzi, na wanajua kusema "amenasa pasi", mlinzi anapodaka pasi ya wapinzani, bila kuulizwa. Naanza na hilo ili mjue kwamba anayeandika hawatakii mabaya.

Niliyo nayo moyoni ni mambo mawili. La kwanza ni la fedha. Nililipa dola 12 za kifurushi cha drafti, zile siku ambazo timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, na tangazo lenu lilisema siku tatu, raundi zote saba, kutoka Green Bay. Alhamisi tarehe 24 Aprili tulisikia. Ijumaa tulisikia. Jumamosi, raundi ya nne ilipoanza, mkaweka marudio ya mechi za Ulaya hadi jioni bila neno la maelezo. Niliandika mara mbili, nikajibiwa mara mbili na mashine: asante kwa kuwasiliana nasi. Kwamba Houston wamemchukua Jaylen Reed, beki wa nyuma kutoka Penn State, chaguo la 187, nililisoma kwenye simu nikiwa natia mafuta Columbus, njiani kwenda San Antonio. Kwenu pengine chaguo la 187 si habari. Kwa mtu anayependa ulinzi, Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Richard Sherman alichukuliwa na Seattle mwaka 2011 akiwa wa 154, na miaka mitatu baadaye alikuwa nguzo ya ulinzi ulioifunga Denver 43 kwa 8 kwenye fainali. Siku ile nayo ilikuwa Jumamosi.

La pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike barua ndefu. Ni alama mnazowapa walinzi wa Houston usiku uleule wanaochaguliwa, na mnavyozifanya zipotee baadaye.

Nakumbuka vizuri Aprili 2022. Houston walikuwa na chaguo la tatu, wakamchukua Derek Stingley, beki wa pembeni kutoka LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. New York Jets, waliofuata, wakamchukua Ahmad Gardner, beki wa pembeni pia. Mchambuzi wenu mkuu aliipa Houston F. Alisema meneja mkuu, Nick Caserio, ameichezea nafasi ya tatu, kwamba kijana ni mgonjwa wa mguu na hajacheza vizuri tangu 2019. Msimu ukaanza, Gardner akang'aa na kutwaa tuzo ya mlinzi bora chipukizi. Stingley akaumia msuli wa paja, akaishia michezo tisa. Mkacheka hewani wiki nzima. Mwanangu mkubwa aliniuliza kama timu yetu ni ya wajinga, na sikuwa na jibu la kumpa.

Lakini kuna jambo ambalo mchambuzi wenu hakulisema hata mara moja. Kocha wa 2022 alikuwa Lovie Smith, na ulinzi wake ni wa kugawana maeneo: kila beki analinda kipande chake cha uwanja na kungoja mpira uje. Stingley hakulelewa hivyo. LSU alisifika kwa kumganda mtu, kukaa na mshambuliaji mmoja tangu mpira unapoanza hadi filimbi, na ndivyo alivyonasa pasi sita mwaka 2019 akiwa mwaka wake wa kwanza tu chuoni, timu ikawa bingwa wa nchi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alinde eneo, unamwona nusu. Mwaka 2023 akaja DeMeco Ryans, akamwachia afanye kazi yake. Stingley akanasa pasi tano katika michezo 11. Msimu wa 2024 akanasa tano tena na kuingia kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Machi mwaka huu amesaini miaka mitatu kwa dola milioni 90, mkataba ambao siku ile haukuwa na beki wa pembeni mwingine wa kuufikia kwa mwaka.

Siku ya mkataba huo nilikuwa barabarani nawasikiliza. Mchambuzi yuleyule alisema, kwa sauti yake, "Sisi tuliliona hili tangu mwanzo." Nilipofika nilikotakiwa kushusha mzigo nilifungua programu yenu kutafuta kipindi cha Aprili 2022. Hakipo. Cha 2023 kipo, lakini saa ya pili, ile ya alama, imekatwa. Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo nilipoumia. Kukosea si kosa. Kufuta ulichosema na kujipa sifa ambayo si yako ni kumdanganya mtu anayekulipa.

Nikumbushe basi kilichokuwa kwenye saa iliyokatwa, maana mdogo wangu na mimi tunakikumbuka wote. Houston walipanda hadi nafasi ya tatu kumchukua Will Anderson wa Alabama, na ili wapande waliwapa Arizona chaguo la 12, la 33, la raundi ya kwanza ya 2024 na la raundi ya tatu ya mwaka huohuo. Mchambuzi akasema wameuza shamba ili wanunue jembe. Ni msemo mtamu, hata mimi nilicheka. Anderson akawa mlinzi bora chipukizi wa 2023, na timu iliyokuwa imeshinda michezo mitatu tu mwaka uliotangulia ikashinda kumi na kuongoza kundi lake. Lile chaguo la raundi ya kwanza walilotoa, ambalo mlisema litakuwa la juu sana, likaangukia nafasi ya 27. Shamba lilikuwa dogo kuliko mlivyolipima.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Kamari Lassiter, wa 42, na Calen Bullock, wa 78. Lassiter mkasema ni mzito wa mbio, atapitwa kama kituo cha basi. Bullock mkasema ni mwembamba mno. Bullock alinasa pasi tano msimu huo wa kwanza. Na tarehe 11 Januari mwaka huu, kwenye mchujo, hapahapa Houston, Justin Herbert wa Chargers, kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, ambaye pasi zake zilikuwa zimenaswa mara tatu tu katika msimu mzima wa kawaida, alinaswa mara nne kwa mchana mmoja. Stingley mara mbili, Eric Murray mara moja na kukimbia nayo hadi mwisho, na Lassiter mara moja. Tulishinda 32 kwa 12. Siku hiyo mtangazaji wenu aliusifu sana "ukuta wa Houston". Hakumwambia msikilizaji kwamba matofali ya ukuta huo ninyi ndio mliyakataa.

Sisemi haya kama mtu ambaye hakuwahi kukosea. Mwaka 2006 Houston walikuwa na chaguo la kwanza kabisa, na mji mzima ulimtaka Vince Young, mtoto wa hapahapa, aliyekuwa ametoka kukipa Chuo Kikuu cha Texas ubingwa Januari ile. Wengine walimtaka Reggie Bush. Timu ikamchukua Mario Williams, mlinzi wa pembeni mwa mstari wa mbele. Nilikasirika kama wengine. Kazini tuliapa kutokwenda uwanjani. Na Desemba mwaka ule Young alikuja Houston na Titans, timu ya Tennessee iliyomchukua, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, akakimbia yadi 39 na kuumaliza. Mtu angetupa kalamu usiku ule, tungeiandikia timu F.

Mwaka uliofuata Williams aliwaangusha makwotabeki mara 14. Alipoondoka baada ya misimu sita alikuwa amewaangusha mara 53, na Young alikuwa tayari ameachwa na Titans. Katika drafti ileile ya 2006 tuliyoitukana, raundi ya pili, chaguo la 33, timu ilimchukua mlinzi wa kati ambaye hatukumjadili hata kidogo. Jina lake DeMeco Ryans. Akawa mlinzi bora chipukizi wa mwaka ule, na ndiye kocha wetu leo.

Nilidhani somo hilo limetuingia, lakini 2011 mashabiki walikusanyika uwanjani kutazama drafti, na jina la J.J. Watt liliposomwa, chaguo la 11, wakazomea. Mimi sikuwapo, ila rafiki yangu alikuwapo na alizomea kwa nguvu zote, na hadi leo hapendi tukizungumza habari hiyo. Januari 2012, mchezo wa kwanza wa mchujo katika historia ya Texans, Watt aliruka akadaka pasi ya Andy Dalton wa Cincinnati iliyokuwa bado haijavuka mikono yake, akakimbia nayo hadi kufunga. Akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu, 2012, 2014 na 2015. Mafuriko ya kimbunga Harvey yalipotuzamisha 2017, mtaa wangu mmojawapo, yeye ndiye aliyechangisha zaidi ya dola milioni 37. Kila nikisikia mtu anampa mlinzi alama kabla kijana hajavaa hata jezi, nakumbuka kuzomea kule.

Mtaniuliza, je, mashabiki na wachambuzi wakae kimya? Hapana, na ninalo la kuwapa. Mwaka 2014 tulikuwa na chaguo la kwanza tena, tukamchukua Jadeveon Clowney. Wa tano alikuwa Khalil Mack, wa 13 alikuwa Aaron Donald. Clowney alianza kwa goti la kufanyiwa upasuaji, akaja kucheza vizuri, akaitwa mara tatu kwenye mchezo wa nyota, lakini 2019 aliuzwa Seattle kwa bei ndogo. Donald akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Huo ni uamuzi unaostahili kuhojiwa, kwa sababu miaka imepita, kazi imeonekana, na waliokuwa mezani siku ile wanajulikana. Fanyeni kipindi cha saa mbili juu ya 2014 na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga simu.

Mlinzi hapimwi kama mshambuliaji. Beki wa pembeni akifanya kazi yake sawasawa, kwotabeki haelekezi mpira upande wake, na kwenye karatasi ya takwimu panabaki patupu. Mchezaji wa mstari wa mbele anaweza kubeba watu wawili mchana kutwa ili mwenzake apite. Tena wengi huumia mwaka wa kwanza, na wengi hukuta kocha wa mfumo usio wao. Nyumbani tulingoja matokeo ya kidato cha nne kwa miezi, na mtihani ulikuwa umeshafanywa. Ninyi mnatangaza matokeo mtoto akiwa bado anatafuta chumba cha mtihani.

Na mwaka huu mmerudia. Ijumaa ile, chaguo la 97, Jaylin Smith, beki kutoka USC ambaye amecheza zaidi ya nafasi moja kule nyuma. Mchambuzi alimpa alama D na maneno ya nusu dakika, kisha akarudi kuzungumzia nani atakuwa kwotabeki wa New York.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Rudisheni sehemu ya dola 12 ya siku ya tatu, kwangu na kwa mdogo wangu, na kwa kila aliyelipia, asiulizwe. Rejesheni kwenye programu vipindi vya drafti vya 2022 na 2023, vizima, na alama zake. Mchambuzi wenu aseme hewani, kwa sauti ileile, kwamba juu ya Stingley alikosea. Na kama alama mnazitaka, basi kila Aprili anzeni na za miaka mitatu nyuma: mlisema nini, kimetokea nini, na kwa nini. Katika kipindi hicho wekeni mtu aliyewahi kucheza au kufundisha ulinzi. Wapo Waswahili huku ambao watoto wao wanacheza mchezo huu shuleni, wanaujua kwa undani, na wangekuja bila kudai kikubwa.

Msimu mpya unaanza Septemba. Ada yangu ya mwaka inakwisha tarehe 31 Mei, na ya mdogo wangu siku hiyohiyo. Nitangoja jibu lililoandikwa na mtu hadi tarehe hiyo. Lisipokuja sitalipa tena, na itabidi nikae Jumapili na wanangu niwatafsirie mchezo mwenyewe, maneno nitakayokosa tutayatafuta pamoja.

Wenu mteja,

Dereva na shabiki wa Texans,
Houston.