Kabla ya kununua tyubu mpya, tazameni valvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye baiskeli wa Mtwara na Lindi, pamoja na wenye maduka ya vipuri, kuhusu kitu kidogo kinachowala watu fedha bure, nacho ni valvu ya tyubu. Msimu wa korosho ukianza, baiskeli ndiyo inayotoa magunia shambani kuyapeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Huku uwanda wa Makonde ndiyo inayobeba maji. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 tayari, bado dereva hajakaa. Asubuhi tairi likikutwa limelala, neno la kwanza ni pancha. Tairi linavuliwa, tundu halionekani, mwenye baiskeli anaambiwa tyubu imechoka. Mara nyingi tyubu ni nzima. Kilichochoka ni kiraba cha valvu, kipande kisichofika hata sentimeta 3.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa mafundi wenzangu: tusivue tairi kabla ya kupima valvu. Kupima hakuhitaji ndoo ya maji, jambo ambalo kwa watu wa Newala si dogo. Jaza upepo, kisha zungusha gurudumu mpaka valvu ije juu kabisa, shina lake, yaani kibomba kinachotokeza kwenye rimu, likitazama chini kwenye ekseli. Chukua kikombe chembamba cha maji, kipitishe kati ya njiti, kiinue mpaka shina lizame. Subiri dakika moja au mbili, maana uvujaji wa polepole hutoa povu moja moja. Povu likitoka mdomoni mwa shina au chini ya nati ya juu, tatizo liko kwenye pini na kiraba chake. Likitoka pale shina linapoingia kwenye rimu, hapo upepo unatoka ndani ya tairi. Huenda shina limechanika kwenye kitako, au ni pancha ya kawaida inayotafuta njia ya kutokea. Sasa ndipo uvue tairi.

Baiskeli nyingi za mizigo, zile za fremu nzito kama Phoenix, zina valvu ya kiraba. Ukifungua nati ya juu, pini inatoka nzima. Pini hiyo ina tundu la katikati linalokwenda na kutokea ubavuni, na kiraba ni mrija mwembamba wa mpira unaovishwa kufunika tundu hilo la ubavuni. Ukipampu, upepo unakisukuma kiraba kikatanuka na kuupitisha. Ukiacha, upepo wa ndani unakibana kwenye pini, mlango unafungwa. Kiraba hichohicho kina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: sehemu yake ya juu hukaa kati ya sehemu nene ya pini na mdomo wa shina, na ndiyo inayoziba pale. Ndiyo maana kiraba kikiwa kifupi, hata kama tundu limefunikwa vizuri, upepo utapenya chini ya nati.

Kubadilisha ni hivi. Toa upepo wote kwanza, la sivyo pini itaruka na utaitafuta mchangani. Kwangua kiraba cha zamani kwa ukucha au kijiti. Usitumie kisu, mkwaruzo kwenye pini ni njia mpya ya upepo. Kama pini ina kutu au ukungu wa kijani, isugue kwa kitambaa kikavu, na uangalie tundu la ubavuni halijazibwa. Baiskeli zinazobeba samaki na chumvi kutoka pwani, Mikindani au Kilwa, ndizo zenye shida hii zaidi. Kata kiraba kipya sentimeta 2 na nusu, kilowanishe kwa maji au mate, kivishe kwa kukizungusha polepole mpaka kipite tundu, kikwee sehemu nene ya pini na kugota kwenye ukingo. Kikizidi chini kwa milimita chache, acha. Kikizidi sana, kata, kwani kitajikunja wakati wa kuingia.

Mafuta hayafai kabisa. Si ya taa, si ya injini, si grisi. Hulainisha kazi kwa dakika hiyo, lakini mpira huvimba na kulegea, na baada ya siku chache unarudi palepale.

Wakati wa kurudisha pini, angalia vijisikio vyake viwili vidogo. Vinatakiwa viingie kwenye vijifereji vilivyo mdomoni mwa shina. Visipoingia, ukikaza nati pini nzima inazunguka nayo, inakisokota kiraba na kukichana ndani, nawe huoni kitu. Nati ya juu inakazwa kwa vidole. Anayeikaza kwa plaizi anakata kiraba kwa mkono wake mwenyewe. Na kuna wanaofunga uzi au kipande cha tyubu kuukuu badala ya kiraba: kipande bapa hakizibi ubavu wa duara, utapata kilomita mbili tatu za nafuu, basi.

Dalili nyingine ya kiraba kilichozeeka ni pampu kuwa ngumu isivyo kawaida. Kwa joto letu, baiskeli ikiachwa juani kutwa, kiraba hunata kwenye pini na upepo haupiti. Watu hulaumu pampu. Na kwa kuwa valvu hii hairuhusu upepo kurudi nje, geji ya kawaida haiwezi kusoma upepo uliomo. Pima kwa kidole gumba ubavuni mwa tairi, na ukiwa na pampu yenye geji jua kuwa namba unayoiona inapanda kupita kiasi kila unaposukuma.

Shina lililochanika kwenye kitako ni habari nyingine, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Kiraka hakishiki vizuri pale kwa sababu mpira unavutwa kila gurudumu linapozunguka. Zipo tyubu za zamani ambazo shina lake limebanwa na nati na washa ndani, juu ya kitako. Hizo wakati mwingine zinahitaji kukazwa tu. Zile ambazo shina limeshikanishwa moja kwa moja na mpira hazina dawa ya kuaminika. Kwa hiyo kinga ni muhimu kuliko tiba. Kinachochana shina ni kutembea na upepo mdogo huku mzigo ni mzito: tairi linateleza kidogo kidogo juu ya rimu, linavuta tyubu, shina linabaki limeshikwa na tundu la rimu. Utaliona limeinama. Shina zima hutazama ekseli moja kwa moja. Likiinama hata kidogo, usilivute kwa mkono. Toa upepo, legeza tairi pande zote mbili, lisogeze lizunguke juu ya rimu mpaka shina linyooke, ndipo ujaze. Ukiwa na pampu yenye geji, jaza ukifuata kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi; usipokuwa nayo, pima kwa kidole gumba kama nilivyosema.

Tundu la rimu lenye makali pia hukata. Lipitishe tupa ndogo ya mviringo, na hakikisha utepe wa rimu haujafunika tundu wala kuhama. Halafu kuna nati ya rimu, ambayo hutupwa ovyo au hukazwa mpaka mwisho kabla ya upepo kuingia. Ukiikaza mapema, inavuta kitako cha shina ndani ya tundu. Ifunge mizunguko miwili tu, malizia kuingiza tairi upande wa valvu, sukuma shina juu kidogo ili tyubu isibanwe na ukingo wa tairi, jaza upepo, kisha kaza kwa vidole mpaka iguse. Kazi yake ni kuzuia shina lisizame na kutikisika unapopampu.

Valvu zinazofanana na za pikipiki ni rahisi. Pini yake ya ndani hukazwa kwa ufunguo mdogo au kwa kifuniko cha chuma chenye mkato, mpaka ishike, bila nguvu. Ikiendelea kuvuja, pini ya pikipiki inaingia, na hiyo ipo kila penye bodaboda. Angalizo: kompresa ya kituo cha mafuta hujaza tairi la baiskeli kufumba na kufumbua, bonyeza kidogo, acha, angalia. Valvu zile nyembamba za baiskeli za michezo ni za milimita 6, na zikiwekwa kwenye rimu yenye tundu la milimita 8 bila bushi, yaani kipete cha kujaza nafasi, zitacheza mpaka zichanike.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka ya vipuri, kuanzia Mtwara mjini na Lindi hadi Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Agizeni mpira wa valvu kwa mita, muuze kwa vipande. Uhifadhini kivulini, ndani ya mfuko uliofungwa, kwani ukining'inizwa dirishani juani utakuwa umekufa kabla haujauzwa. Agizeni na nati za rimu peke yake, si lazima mteja anunue tyubu nzima kuipata. Pia zipo pini mpya za shina hilohilo ambazo hazitumii kiraba cha kuvisha, zina kizibo chake ndani na pampu inakuwa laini. Hizo zingewafaa sana wabeba maji na korosho. Wakati wa kuziagiza ni sasa, kabla magunia hayajaanza kutoka mashambani.

Fundi baiskeli,
Newala, Mtwara