Barua kwa mwanangu: umemwambia, au bado?

Mwanangu,

Huku hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, mdogo wako anakula kama kawaida yake. Nimeanza na hayo usije ukadhani kuna msiba. Hakuna msiba, kuna simu.

Jumanne nikiwa naanika nguo, alinipigia kijana mmoja mwenye sauti ya upole, akanitaja majina yangu yote matatu kama karani wa mahakama. Akaniuliza kama nakufahamu. Nikamwambia nakufahamu tangu hujazaliwa. Akasema umeniandika kuwa mtu wako wa karibu kwenye mkopo wa simu, na kwamba siku za kulipa zimepita, na ningefanya vizuri kukukumbusha. Sikumuuliza ni kiasi gani. Niliogopa kujua. Nikakata simu, nikarudi kwenye kamba, na shuka nikalianika bila kulikamua, maji yakanichuruzikia mpaka ndani ya viatu.

Nina swali moja tu, mama. Mchumba wako anajua?

Siulizi kama anajua unapenda nguo. Hilo kila mwenye macho analijua. Nauliza kama anajua unadaiwa, na nani, na kiasi gani. Mmebakiza wiki sita msimame madhabahuni. Wiki sita ni nyingi kwa mwenye kutaka kusema, na ni chache mno kwa mwenye kungoja wakati mzuri.

Usiku ule usingizi ulinikataa, nikaiangalia ile filamu uliyonisisitizia mwaka jana, Confessions of a Shopaholic, ya mwaka 2009. Ulisema nitacheka. Nilicheka, sikatai. Yule Rebecca anayechezwa na Isla Fisher ana vituko, na New York yenyewe inavyong'aa, mtu anaweza kusahau kwamba anaangalia mtu akizama. Lakini nikajiuliza: huyu mtoto alikuwa ananipa kichekesho, au alikuwa ananiambia kitu kwa mdomo wa mtu mwingine? Kama ulikuwa unaniambia, nisamehe, sikusikia. Nilikujibu kwamba sina muda wa filamu za mapenzi.

Ile sehemu ya skafu ya kijani nimeirudia mara mbili. Amesimama mbele ya muuzaji anagawa malipo vipande vipande, kidogo taslimu, kidogo kadi hii, kidogo kadi ile, hadi kadi moja inakataa. Zinapungua dola 20. Anatoka mbio mpaka kwa muuza soseji wa barabarani, na hapohapo uongo unamtoka bila kusukumwa: eti skafu ni ya shangazi yake mgonjwa. Mwanamume mmoja pale anampa hizo 20. Ndiye Luke, ndiye atakayempenda. Umeona penzi lao lilipoanzia? Kwa dola 20 na shangazi asiyeumwa.

Baba yako aliamka katikati, akaja kukaa na blanketi lake. Alipofika ndipo Rebecca ameshapewa kazi ya kuandika kwenye jarida la mambo ya akiba. Anawafundisha wenzake kutunza fedha huku mwenyewe anakimbia wadai! Baba yako akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka hapo, maana nilikumbuka ni nani aliyekuwa mweka hazina wa vijana kanisani kwa miaka miwili, na vitabu vikatoka visafi, senti haikupotea. Nilijivunia sana, na bado najivunia. Kinachonishangaza ni kwamba za watu unaweza kuzitunza namna ile.

Sasa yule mdai, Derek Smeath. Filamu inataka tumchukie, na kweli anachukiza, sura na sauti. Lakini Rebecca alimwambia Luke kwamba huyo ni mpenzi wake wa zamani anayemfuatafuata. Luke akaamini, kwa sababu anayependa huamini. Kisha Derek akasimama kwenye kipindi cha televisheni akamuumbua mbele ya kila mtu, Luke akiwepo. Baba yako akasema, "Mzee mbaya huyu." Nikamwambia mzee mbaya ndiye peke yake aliyesema kweli tangu filamu ianze. Akaniangalia. Hakujua kwa nini nimesema kwa ukali, maana habari za simu ya Jumanne nilikuwa sijamwambia.

Ndiyo, najua. Usiniandikie kunikumbusha.

Ninachoogopa mimi ni hicho, kwamba kijana wa sauti ya upole akimaliza kunipigia mimi atampigia yeye. Akimpata kabla yako, hata useme nini baadaye utaonekana unajitetea. Fedha mwanamume anaweza kusamehe, lakini ile hesabu atakayoipiga usiku, ya siku zote mlizokaa meza moja ukijua naye hajui, ndiyo ngumu. Kwenye filamu Luke alikasirika, akaenda zake, na kabla ya saa mbili kuisha amerudi. Wewe hujaandikiwa na mtu wa filamu.

Jana niliingia chumbani kwako kutafuta blanketi la ziada. Juu ya kabati, ndani ya sanduku, nimekuta magauni matatu yamekunjwa kwenye karatasi zake, vibandiko vya bei vinaning'inia kwapani. Moja ni la zambarau, lina vifungo vidogo kama punje za mtama mgongoni, ishirini na viwili, nimevihesabu. Hujafungua hata kimoja. Nilikaa kitandani kwako nikalishika lile gauni, nikamkumbuka Akani katika Yoshua 7. Huwa tunaisoma ile sura kwa haraka kwa sababu ya mwisho wake, na mimi mwisho wake sitakuandikia. Lakini soma anavyokiri: aliliona joho zuri, akaona na shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akatamani, akatwaa, akafukia chini ya hema. Joho zuri namna ile limelala mchangani! Zamani nilidhani kosa lake ni kuiba tu. Jana nimeona jambo jingine: alikuwa na kitu kizuri asichoweza kukivaa, kwa sababu kukivaa ni kusema.

Nani alikufundisha kuficha? Nimejiuliza hilo nikiwa nimekaa pale. Habari ya cherehani sitaisimulia, ulikuwepo, wewe ndiye uliyeshika upande wa nyuma tukiiingiza kwa mlango wa jikoni. Ulikuwa na miaka minane. Nilikwambia baba akiuliza useme nini, ukasema vizuri kuliko nilivyokufundisha. Nikacheka, nikakusifu kuwa una akili. Basi.

Tena nilikosea pale uliponiambia vitu vinakuita dukani. Nilikujibu ufunge siku tatu uombe. Ulifunga kweli, siku ya nne ukaja na viatu. Kwenye filamu zile sanamu za madirishani zinageuka na kumwita Rebecca, watu wanacheka, mimi nikaacha kucheka. Kumbe ni jambo linalojulikana. Daktari mmoja Mjerumani, Emil Kraepelin, aliliandika zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa jina la oniomania, wazimu wa kununua. Neno wazimu silipendi. Nimelitaja ili ujue si wewe wa kwanza, na wapo washauri wanaolishughulikia, ukienda kwao hujamkana Mungu. Kuomba uendelee. Lakini na mtu wa kuzungumza naye umtafute, tena si mimi, mimi nitakufokea.

Rebecca naye alipelekwa kwenye kikundi, wanakaa kwa duara kila mmoja anasema lake. Nilitafuta jina la Mungu humo sikulisikia, lakini Yakobo alishayasema hayo zamani, tuungamiane dhambi zetu na kuombeana tupate kuponywa. Sisi kanisani tunapenda ushuhuda wa mtu aliyekwisha kupona. Wa anayeumwa leo hatuna nafasi naye kwenye ratiba. Ndiyo maana sikushangaa hukusema.

Rebecca aligandisha kadi yake ndani ya barafu ili asiifikie, kisha akaja kuivunjavunja barafu. Wewe najua utafuta zile programu za mikopo kwenye simu, na najua inachukua dakika ngapi kuzirudisha. Kwa hiyo anza na karatasi. Andika kila anayekudai, hata rafiki yako yule wa ofisini, hasa yeye. Mbele ya kila jina andika riba. Niliomba baba yako anipigie hesabu, nikamdanganya kuwa ni ya jirani. Alitumia penseli na nyuma ya bahasha: ukikopa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, nayo riba ikazaa riba, mwaka ukiisha unadaiwa zaidi ya 313. Akaiangalia bahasha akasema, "Jirani huyu amekwisha." Lipa kwanza lile linalozaa haraka. Na usikope la kulipia jingine, hapo ndipo watu wanapopotelea.

Kwa harusi punguzeni mapambo. Wahenga walisema kukopa arusi kulipa matanga, na walikuwa hawajaona simu.

Nabii Elisha alipoendewa na yule mjane, mdai akiwa tayari kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, hakuanza kwa kumwombea. Alimuuliza ana nini nyumbani. Nami nakuuliza. Una magauni matatu mapya, una viatu sijui jozi ngapi, una ile mikoba. Uza. Sehemu iliyonitoa machozi kwenye filamu nzima ni pale Rebecca anapouza nguo zake kwa mnada, na ile skafu ya kijani ikiwemo. Hapo nikamwona Zakayo kabisa, yule mtoza ushuru, amesimama anarudisha alivyodhulumu. Halafu wakaniharibia: kumbe aliyeinunua skafu ni Luke, na skafu ikarudi. Usitegemee hilo, skafu ikiuzwa imeuzwa. Na lile la kumlipa Derek kwa lundo la sarafu ndogondogo ili kumkomoa, baba yako alipiga makofi. Mimi sikupenda. Ukimlipa mtu, mlipe na umshukuru alivyongoja.

Wazazi wa Rebecca walikuwa tayari kuuza lile gari lao la kulala safarini, walilolinunua kwa akiba yao, ili wamkomboe. Akawakatalia. Nilimpenda zaidi hapo. Nakuambia mapema kwamba cherehani nimeshaifikiria, usinikatalie kabla sijasema.

*

Barua niliiacha hapo juzi, taa ilizimika. Leo naendelea.

Jana usiku nilimwambia baba yako. Nilianza na simu, nikaja kwenye bahasha kwamba jirani ni wewe. Akanyamaza. Nilivyoona amenyamaza nikaogopa, nikaendelea kusema tu, nikajikuta nimefika kwenye cherehani, bei yake ya kweli na fedha nilikozitoa. Akasema alijua. Sikumuuliza tangu lini. Aliinuka akaenda kufunga mlango wa nje, ambao ulikuwa umeshafungwa, akarudi akalala. Asubuhi alinisalimia kama siku zote, ila chai alijimiminia mwenyewe.

Kwa hiyo sikwambii ni rahisi. Nilikuwa nakuandikia kama mtu asiyejua linavyouma, sasa angalau najua.

Mdogo wako anaomba ile chaja yako ya zamani kama huitumii. Blanketi nililipata, lilikuwa chini ya magauni. Magauni nimeyarudisha yalivyokuwa, vibandiko sijavigusa, maana bila hivyo duka halitayapokea, na risiti naamini unazo, wewe mtunza vitabu. Mlango wa kabati lako unalia kuliko zamani na baba yako na mguu ule hawezi kupanda kwenye stuli. Jumamosi mnapokuja, mwambie mchumba wako aje na bisibisi.

Lakini lile lingine umwambie kabla hamjafika huku. Mkiwa kwenye basi msiseme, watu watasikia. Semeni nyumbani, mmekaa, simu zote mbili zimezimwa. Mpe ile karatasi aishike mwenyewe.

Ukishamwambia nitumie ujumbe. Si lazima uandike mengi, andika "tayari" nitaelewa. Ijumaa usiku nitakaa macho na simu yangu.

Mama yako